Rangi Uliyoiandika Mwisho

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile mchana ulipoweka bisibisi juu ya injini, ukasema unakwenda kunywa maji mara moja. Glasi tuliikuta imejaa. Bisibisi ilibaki pale pale miezi miwili, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mtaa mzima ulikujua kwa mageti. Ukitembea kutoka kwetu mpaka barabarani, karibu kila geti lina mkono wako: maua yale ya nondo, bawaba zisizolia. Ya watu uliyamaliza kwa wiki. La kwako, lile gari, lilikukalia miaka kumi na moja, na hatusemi hivi kukusimanga. Wewe mwenyewe ulikuwa ukicheka.

Bodi lake ulilikuta limegeuzwa banda la kuku, ukalinunua pamoja na mayai. Ukalikata paa likashuka, ukang'oa madigadi ya mbele, ukalipachika injini ya lori iliyotokeza nje kwa sababu hakuna boneti ambayo ingeifunika. Mama akauliza ni gari gani hilo linalotembea kifua wazi. Ukamjibu, "La mwanamume anayempenda mkewe." Akakusonya. Lakini kesho yake alileta kipande cha kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, akakipigilia msumari kwenye ukuta wa karakana yako.

"Likiwa rangi hii nitapanda," alisema. "Vinginevyo panda na kuku wako."

Ukaahidi kwamba siku hiyo utamfungulia mlango wa abiria wewe mwenyewe, umevaa tai. Kopo la rangi ukalinunua wiki ile ile. Kisha, pembeni ya kitambaa, ukaandika kwa chaki mpangilio wa kazi: usukani, breki, waya, viti. Chini kabisa, kwa herufi kubwa na mistari miwili: RANGI MWISHO. Ulituambia mara ngapi kwamba gari likishapendeza, fundi anaacha kuliona lilivyo bovu? Hata ulikosana na Brashi, mpiga rangi, rafiki yako wa tangu ujana, aliposema mbele ya watu kwamba wewe hupendi gari, unapenda kulitengeneza. Miaka minne hamkusalimiana.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika, daktari wa macho alituambia kwamba macho ya Mama yanaziba kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba dawa zitachelewesha tu. Mama alisikiliza kama anayepewa habari za jirani. Njiani kurudi nyumbani alimshika mkono binti yako mkubwa, yule uliyempa jina la Spana kwa kukushikia spana tangu utotoni.

"Mwanangu, lile gari," alisema. "Fanyeni haraka kidogo."

Spana hakulala vizuri tena tangu siku ile.

Spana ni fundi cherehani, Baba, si fundi magari. Lakini kila siku saa sita mchana alifunga duka lake, akaja kuvaa ovaroli lako huku amekunja mikono mara tatu. Alianza pale ulipokwama: shafti ya usukani ilikuwa inagonga bomba la moshi la ile injini kubwa, na haikuwa na pa kupita. Alipozidiwa alilipiga gari picha, akazituma kwenye kundi la mafundi la kwenye simu. Aliandika: "Shikamooni mafundi. Baba ametutoka, gari limekwama hapa. Naombeni ushauri, Mama anataka kuliona limekamilika."

Ushauri ulimiminika. Mmoja alisema ang'oe injini aweke ndogo. Mwingine alisema ahamishie usukani upande wa pili. Mwingine alisema akate chuma auze, amnunulie mama redio. Kuna aliyetuma vikatuni vya kucheka kumi na viwili; Spana alivihesabu. Halafu likaja jibu la Brashi.

"Anza na rangi, binti yangu. Mengine yatafuata."

Spana akainua uso akautazama ukuta wako. Akaona huyu mtu bado anakukebehi hata ukiwa kaburini. Akamfungia asimpate tena kwenye simu, nasi tukamuunga mkono. Tuseme ukweli, tulimtukana pia.

Miezi mitano ikaishia kwenye usukani. Alilikata bomba, likavuja. Akaipinda shafti, ikavunjika. Kuna siku tuliiona miguu yake tu chini ya gari, tukamsikia analia, tukaondoka. Mwisho fundi mmoja asiyetujua hata kidogo alimwandikia akate shafti vipande vitatu, aweke maungio mawili ipite chini ya bomba. Siku alipozungusha usukani na magurudumu yakaitikia, alipiga ukelele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Ungecheka.

Kila jioni Mama aliuliza, "Mmefika wapi?"

"Usukani, Mama." Kisha, "Breki." Kisha, "Waya."

"Na rangi?"

"Rangi mwisho, Mama."

"Haya. Ndivyo alivyosema mwenyewe."

Vitambaa vya viti Spana alikuwa amekwisha kuvishona. Vilikaa kabatini vikingoja zamu yao, maana ukutani viti viliandikwa baada ya waya.

Siku kumi zilizopita Mama aliingia sebuleni akalisalimia koti lako lililotundikwa nyuma ya mlango. Akaliuliza kama limekula. Akangoja lijibu. Alidhani ni Spana, na Spana alikuwa amesimama upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha, kwenye mwanga.

Spana alitoka mbio, peku. Alimkuta Brashi anapiga msasa kabati la watu, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao.

"Baba mdogo, nilikukosea. Nakuomba rangi. Rangi tu, nakuomba."

"Mama yako bado anaona?"

"Sijui."

"Ungekuja siku ile nilipokuandikia," Brashi alisema, wala hakuwa anamsimanga. Tayari alikuwa anakusanya vifaa vyake.

Kopo lako, Baba, lilikuwa limeganda robo tatu. Brashi aliichuja iliyobaki kwa soksi ya kike, ikatosha mlango mmoja. Akapaka wa dereva, kwa kuwa ndio unaotazama uwanjani kwenye mwanga. Rangi ilikubali. Tulisimama kuutazama mlango ule tukasema, safari hii ataiona.

Jumamosi asubuhi tulimwita. Spana akataka kumshika mkono, akakataa. "Niacheni, uwanja wangu naujua." Akatembea taratibu, akaupita mlango wa dereva bila kugeuka, akazunguka nyuma ya gari, akasimama kwenye mlango wa abiria. Wake. Ule uliomwahidi. Hatukuwahi kufikiri kwamba angekwenda kwenye mlango wake. Ulikuwa bado wa kijivu, una mikwaruzo ya msasa na chaki yako. Akaweka kiganja juu yake, akauinamia.

"Ni hii hii," alisema. "Mmeipata rangi yangu."

Brashi alivua kofia. Spana akaja akasimama kando ya Mama.

"Ndiyo, Mama. Imekubali."

Baba, tunakupenda, na leo tunakulaumu. Kwa nini uliandika mwisho? Na sisi, kwa nini tuliishika chaki kama wosia? Spana anaulizwa hujambo, anajibu sijambo, kisha anakwenda kukaa karakanani mbele ya ukuta ule. Hatujui tumwambie nini. Kama unajua, mjie hata ndotoni.

Jumatatu Brashi alirudi bila kuitwa, na rangi aliyoichanganya mwenyewe kwa kufuata kile kitambaa, akaupaka mlango wa Mama ili maneno yake yawe ya kweli.

Tangazo hili la kumbukumbu yako tutamsomea Mama mezani, kama tulivyozoea kumsomea gazeti. Tutaanzia kwenye glasi ya maji na kuku na mayai yao. Tukifika kwenye ile Jumamosi tutaruka mpaka kwenye majina.

Wanaokukumbuka ni mkeo, anayesema kwamba gari ni zuri. Binti yako Spana. Kitindamimba wako aliyeandika haya kwa niaba ya wote. Wajukuu zako watatu. Na Brashi, aliyeomba awemo.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tulizobakiwa nazo.