Majivu ya Makumbi na Michungwa Yangu

Jumatano, 14 Mei. Asubuhi manyunyu, kisha jua.

Michungwa mitano haikatwi. Hatimaye mume wangu amekubali.

Bakari alikuwa ameazimia kuing'oa apande mikorosho, kwa kuwa tangu mwaka jana majani machanga yalikuwa yakitoka madogo, ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Kosa lilikuwa langu. Mama mkwe huimwagia minazi yake majivu ya makumbi ya nazi, nayo huzaa vizuri, basi nami nikaimwagia michungwa vivyo hivyo, tena kwa ndoo. Bwana shamba akanieleza kwamba majivu yakizidi, mchungwa hushindwa kufyonza zinki iliyomo udongoni. Nikaacha majivu, nikanyunyizia majani mbolea ya maji yenye zinki, nikasubiri mvua.

Leo nimemwita Bakari aone matawi mapya. Majani yametoka mapana, ya kijani.

"Ni huu mmoja tu," akasema.

"Hesabu, baba Asha."

Akahesabu minne. Wa tano bado una manjano, akausimamia huo huo kama hakimu.

Mama mkwe akacheka kutoka barazani. "Mwanangu, mapishi ya mkeo uliyavumilia mwaka mzima. Mchungwa ndio utakushinda?"

Bakari naye akacheka, akaenda kuchimba mashimo ya mikorosho ng'ambo ya kisima.

Huo wa tano unanitia wasiwasi, sitaficha. Lakini una nafasi yake sasa, kama mingine.

Saa nne na nusu. Nalala.