Maombi Yaliyokwama

Jumatatu, 9 Juni
Diski ya seva, kompyuta kuu ya hospitali, imeganda tena. Mara ya tatu tangu mwezi uanze. Nimeiwasha upya programu inayoiendesha, ikarudi. Nimekunywa chai. Sina imani nayo.

Jumanne, 10 Juni
Saa nne asubuhi imeganda. Nikaiwasha upya. Imekataa. Nikarudia. Imekataa. Maombi ya vipimo na damu yaliyotumwa kutoka wodini yamekwama humo humo. Kompyuta zote za hospitali zinaonyesha "Inasubiri". Maabara hawaoni kitu.

Ningeweza kuyafunga maombi yote yarudi kwa walioyatuma, na kuwatangazia watu waandike upya. Sikutaka. Niliona aibu. Nikajiambia diski itarudi na hakuna kitakachopotea. Nikaendelea kuhangaika nayo.

Saa sita kasoro akaja Sista Mwanaidi wa wodi ya wazazi. Hakupaza sauti.

"Kuna mama kutoka Mkata anavuja damu. Niliomba damu tangu saa nne. Inasema inasubiri. Inasubiri nini?"

"Diski imekufa, Sista. Ombi lako halijafika popote."

Akanitazama, akatoka mbio.

Hapo ndipo nikayafunga yote. Kila ombi likarudi kwa aliyelituma, limeandikwa "Limeshindikana". Nikakimbia wodi hadi wodi: andikeni kwenye karatasi, pelekeni maabara kwa mkono. Yule mama anaitwa Zaituni. Wamemwingiza chumba cha upasuaji.

Jumatano, 11 Juni
Usingizi wa mang'amung'amu. Damu ilipatikana. Zaituni yu hai, hana nguvu hata ya kuongea. Mtoto wa kike, mzima.

Nimekwenda Korogwe kufuata diski nyingine. Njia nzima nilikuwa na zile saa mbili kichwani. Jioni nimeifunga, inafanya kazi. Sikufurahi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemweleza mganga mfawidhi. Diski iliharibika yenyewe, lakini kunyamaza nilinyamaza mimi. Amesema niandike barua ya maelezo. Nimeandika.

Nimebadilisha na mfumo. Sasa diski ikikataa kuwaka upya, maombi yote yanarudi papo hapo kwa wenyewe, yakisema yameshindikana. Mistari michache tu ya programu. Ningeweza kuiandika mwaka jana. Inaniuma.

Jumamosi, 14 Juni
Zaituni ameruhusiwa. Mumewe alinikuta getini, akanipa mkono. Ameambiwa kuna fundi wa kompyuta alikimbia na habari wodini. Akanishukuru sana.

Nikamwambia kwamba nilijua tangu saa nne. Kwamba ningekimbia mapema, mkewe asingefika pale alipofika.

Akauachia mkono wangu.

"Nimesikia," akasema.

Akachukua begi, akamshika mkewe kiwiko, wakapanda bajaji kwenda stendi. Zaituni alikuwa anamfunika mtoto uso, jua lilikuwa kali. Nimesimama pale mpaka walipokata kona.