Mashina Mawili ya Seki

Jumamosi, 14 Desemba. Tunduma
Nimefagia uwanja, nimemwogesha Seki, nimepika uji. Malori yamepanga foleni mpaka karibu na geti letu, vumbi limerudi kabla sijaweka fagio chini. Seki akachukua fagio lake dogo akafagia upya. Ana miaka sita na hapendi kuona hata jani moja uwanjani. Mama ndiye aliyemfundisha, mwaka ule wa mwisho wa uhai wake.

Baba amerudi jana na lori kutoka Kongo. Leo asubuhi ametuambia Jumatatu tunakwenda Mbebe, kwa dada yake, tukaone shamba la viungo. Likizo. Hatujawahi kwenda likizo popote. Nimemuuliza kwa nini mwaka huu. Amesema watu huenda likizo. Sijaridhika.

Januari naingia kidato cha nne, na shuleni kwetu kidato cha nne wote wanalala bweni. Baba yuko barabarani wiki kwa wiki. Hakuna aliyesema Seki atabaki na nani. Naogopa kuuliza.

Jumatatu, 16 Desemba. Mbebe
Tumefika tumelowa. Kutoka Itumba tulipanda bodaboda mbili, tope mpaka magotini. Huku kuna ukungu na baridi.

Shangazi ni mfupi na anaongea kwa sauti kubwa kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Ni mjane, watoto wake wote wana familia zao. Seki amerithi jina la bibi mzaa baba, Tusekile, kwa hiyo shangazi amepiga goti mbele yake pale mlangoni na kusema, "Shikamoo, mama." Seki akaitikia marahaba bila kucheka. Baba alicheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Jumanne, 17 Desemba
Shamba liko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, chini ya miti mirefu. Mdalasini, pilipili manga inayopanda juu ya miti, na iliki. Iliki ndiyo nyingi. Nilidhani iliki inaning'inia kwenye matawi kama kahawa. Kumbe majani yake marefu yanakupita kichwa, lakini maua na matunda yako chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo. Ua ni jeupe lenye mistari ya zambarau ndani. Kuchuma ni kuinama tu. Mgongo unaniuma, vidole vinanukia vizuri hata baada ya kunawa.

Seki hakuinama. Kwa urefu wake alikaa tu.

Jumatano, 18 Desemba
Sasa najua kwa nini tumekuja.

Shangazi alimshika Seki mkono, akampeleka mwisho wa mstari, akamwonyesha mashina mawili machanga. "Haya yako, mama. Mwaka wa tatu utaanza kuvuna." Nikadhani ni mchezo. Wakati tunarudi akanieleza kwa furaha: hapa kwao, anayehamia nyumbani hupewa mashina yake ya iliki siku za mwanzo. Yeye alipewa alipoolewa. Mgeni hapewi shina, hupewa iliki kavu ya kuondoka nayo.

Kisha akanipa mimi iliki kavu kwenye kimfuko.

Bila shaka shangazi alidhani baba ameshatuambia. Baba hakuniambia. Sijamwangalia baba usoni tangu mchana. Nina hasira naye. Angesema.

Alhamisi, 19 Desemba
Mvua kutwa. Nimefungua kitabu, nimesoma ukurasa mmoja mara nyingi, sijui kimesema nini. Seki amekaa jikoni na shangazi, anapuliza moto, anakohoa, anafurahi. Nimewaza: shangazi akimchoka hizi siku chache, atasema hawezi. Basi tutarudi naye.

Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga vifungo vya sweta. Mimi ndiye ninayejua kwamba hali maharage yakiwa na kitunguu kinachoonekana.

Ijumaa, 20 Desemba
Seki ameharibu.

Aliamka kabla yetu, akachukua fagio, akaenda kusafisha mashina yake. Akaona vile vikonyo vinavyotambaa chini, akadhani ni mizizi iliyokufa na takataka. Akaving'oa vyote. Mashina yake bado hayana kitu, lakini hakuishia hapo, aliunganisha na mstari wa shangazi karibu mpaka katikati. Alipanga rundo safi pembeni. Maua, matunda mabichi, kila kitu. Chini ya iliki kulikuwa kweupe kama uwanja wetu wa Tunduma.

Alikuja kutuita tukaone.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilisema moyoni, sasa atamkataa.

Baba alivunja fimbo mtini. Seki alikuwa hajui hata kosa ni lipi, akaanza kulia kwa kuiona ile fimbo. Shangazi alikuwa amesimama anaangalia mstari wake. Halafu akaenda kusimama katikati yao.

"Kaka, weka fimbo chini. Mtoto wa kwangu hapigwi kwa kazi ambayo sijamfundisha."

Baba akasema mavuno ya mstari mzima yamekwenda. Shangazi akasema anayaona, ana macho. Akakaa kwenye tope na kitenge chake, akamvuta Seki mapajani, akachukua kikonyo kutoka kwenye rundo. Akamwonyesha hapa ua, hapa tunda. Akamwambia kule Tunduma huu ni uchafu, lakini huku Mbebe uchafu huu ndio tunaokula. Jirani aliyekuwa anapita akauliza kama shangazi ameajiri mfagiaji wa mjini. Shangazi akajibu ndiyo, na wewe lete uwanja wako. Seki akacheka huku makamasi yanamtoka.

Nilirudi ndani. Nilijua nimeshindwa.

Jumamosi, 21 Desemba
Baba ameniita kwenye mdalasini. Ameomba radhi, kwa namna yake: amesema alikuwa anatafuta jinsi ya kuanza. Tukakaa. Alikuwa anabandua gome kwenye kijiti, hakuniangalia.

"Wewe ndiye umemlea," akasema. "Ukisema hapana, tunarudi naye. Nitaacha Kongo, nitatafuta kibarua hapo mpakani."

Najua hapo mpakani kuna vibarua wangapi. Hata hivyo nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamkumbuka shangazi alivyokaa kwenye tope jana.

Nimesema, "Abaki."

Baba alivua kofia akajifuta uso nayo.

Alhamisi, 26 Desemba
Nimemwambia Seki mwenyewe. Sikutaka agundue kama nilivyogundua mimi. Aliuliza nani atamsimulia habari za nyani dereva wa lori. Hadithi hiyo huwa natunga kila jioni, haina mwisho. Nikampeleka kwa shangazi, nikamweleza shangazi kwamba nyani yuko Ndola, tairi limepasuka, na hana jeki. Shangazi akasikiliza kama anapewa maagizo ya dawa. Akauliza nyani ana mke.

Tulipopanda bodaboda Seki hakulia. Alikuwa ameshika kitenge cha shangazi. Mimi nililia mpaka Itumba, nikasema ni upepo.

Jumapili, 5 Januari. Tunduma
Shangazi amepiga simu, amepanda kilimani penye mtandao. Akampa Seki. Seki akaniamkia kwa Kindali, lugha ya kwao baba, maneno marefu, kwa lafudhi ya shangazi kabisa. Mimi sikijui. Mama alikuwa Mnamwanga, nyumbani tumezoea Kiswahili. Seki akangoja, akarudia taratibu, kama mtu anayemsaidia mgeni. Nikampa baba simu, akaitikia.

Kesho naingia bweni. Sanduku liko tayari mlangoni. Baada ya simu nimemwomba baba anifundishe kuitikia. Alisema, nikarudia. Akanisahihisha, nikarudia. Tumekaa mezani, mimi na yeye, mpaka chai imepoa.