Mmoja Kati ya Wanne Waliojeruhiwa

Mshauri mpendwa, nimekwama, naomba uninasue, na unisamehe barua ikiwa ndefu maana kazini siruhusiwi kuzidisha maneno thelathini. Mimi ni mhariri wa habari fupi katika gazeti moja, zile zinazobanwa pembeni ya ukurasa wa pili, na nakuandikia wewe wa gazeti jingine kwa sababu barua za mshauri wetu nazifupisha mimi mwenyewe, na kazi hii naipenda kuliko nilivyompenda mume niliyeachana naye, maana habari fupi haina porojo, nani kafanya nini, wapi, nukta. Mwezi uliopita niliandika, "Mwizi amerudisha redio aliyoiba. Amesema haishiki stesheni," nikacheka peke yangu hadi mwenzangu wa ukurasa wa michezo akasimama kuchungulia.

Kinachonimaliza ni vyama. Siku hizi hata habari ya maji kukatika ina chama, watu wa huku wanapiga simu kulalamika kwamba wa kule wametajwa kwanza, na kuna kada mmoja alikuja ofisini na rula, akapima mistari ya chama chake na ya wenzao mbele ya mhariri mkuu, ikapungua sentimita mbili, tukatukanwa wote. Nikirudi nyumbani ni yale yale. Naishi na binti yangu kwenye vyumba vya uani kwa Baba, na Baba ni mwenyekiti wa tawi mwaka wa ishirini na sita huu, na kaka yangu, fundi wa kuchomea mageti ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, mwezi wa pili akahamia chama kile kingine, basi Baba akaitoa picha yake ukutani akasema atakayekwenda kwa msaliti yule asirudi hapa.

Siku kumi na mbili zilizopita wafuasi wa pande mbili walipigana stendi, ripoti ikanifikia mezani saa tatu asubuhi ikiwa na majina ya majeruhi, la tatu likiwa la kaka yangu, na Mshauri, nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, sikuinuka kitini, nilianza kuhesabu maneno, nikaandika, "Watu wanne wamejeruhiwa katika vurugu za wafuasi wa vyama viwili stendi kuu. Polisi wanachunguza." Majina nikayakata nikijiambia nafasi haitoshi, na nafasi ilitosha, ila niliogopa watu wa tawi la Baba wangesoma na ofisini wangesema nina upande, kisha mhariri mkuu akapita akasema, "Hii imekaa sawasawa, hakuna atakayelalamika," nami nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa.

Kaka alipigwa nondo, mguu umesagika chini ya goti, kidonda kimeoza na Alhamisi hii wanaukata. Mama kila alasiri anaaga anakwenda kwa fundi cherehani na hajarudi na gauni hata moja, Baba anamtazama tu akitoka. Jana Mama akaninong'oneza jikoni, "Kaka yako kalisoma gazeti lako. Kasema nikuulize, yeye ni wa ngapi katika wale wanne? Na anataka Alhamisi uwepo kabla hawajamwingiza. Anaogopa, mwanangu."

Nikienda, Baba atatutoa, na sina pengine pa kumlaza binti yangu. Nisipokwenda sijui nitamtazamaje kaka. Mimi sina chama, sikutaka kamwe kuwa na upande. Niende au nisiende?

Mfupishaji

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Ni pole ya kweli, maana kuishi kati ya watu wanaopimana kwa rula kunachosha mwili na akili. Pole yangu inaishia hapo.

Barua uliiandika Jumapili, ikanifikia Jumanne. Hukuweka jina wala namba ya simu. Ukurasa huu hutoka Jumapili, na wewe mtu wa magazeti unalijua hilo kama unavyolijua jina lako. Kwa hiyo swali la Alhamisi ulimuuliza mtu ambaye hawezi kukujibu kabla ya Alhamisi. Hukutaka ushauri, ulitaka siku ipite. Nilipiga simu magazeti matatu kuuliza nani anaandika habari fupi, wote wakanikatia wakidhani mimi ni mtu wa chama naanza tena kulalamika. Nimelala vibaya wiki hii kwa ajili yako.

Sasa siku imepita. Kaka yako ana mguu mmoja, na kama hukwenda, aliingizwa macho yake yakiwa mlangoni. Kama ulikwenda, nisamehe, ukunje gazeti. Sidhani kama ulikwenda.

Kutokuwa na chama ni haki yako, hata mimi sina. Lakini kaka kitandani si chama. Na baba yako, mtu mzima yule, anajua fika kwamba mkewe hashonewi gauni kila siku. Angetaka kumzuia angemzuia. Siwezi kukuahidi kwamba wewe hatakufukuza. Akikufukuza, bisha hodi kwa shoga yako yeyote mwenye mkeka, mtalala.

Leo hii simama mbele ya baba yako, mwambie, "Baba, nakwenda hospitali kumwona kaka." Usimtaje fundi cherehani. Ukifika wodini usianze hadithi za nafasi na mistari. Mwambie, "Niliona jina lako nikalikata, niliogopa." Akikutukana, nyamaza, ana haki. Akigeukia ukutani, kaa hapo hapo kwenye kiti.

Na jambo moja niliambiwa na muuguzi: mguu uliokatwa huendelea kuuma kama upo. Kaka yako akilalamika unamuuma, usimwambie haupo. Muulize ni wapi hasa, na umsikilize mpaka amalize.