Namba ya Mama

Nyumbani kwetu,
Mlango wa buluu, mkabala na duka la vioo.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule na baridi ya huko? Yule wa mwisho ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka kibogoyo kama kwenye picha? Mimi mzima, ila goti la kulia linaniletea ujeuri kila nikipanda ngazi. Baba naye ni mzima wa mwili. Presha imetulia, anakula, anamkaripia muuguzi wake kama kawaida, na muuguzi anamjibu kama kawaida.

Nimeuona ujumbe wako kwamba Baba hapokei simu zako na unadhani amekukasirikia. Hapana, ndugu yangu, wewe huna kosa. Aliyekasirikiwa ni mimi, na ninastahili. Nimejaribu kukueleza kwa simu mara kadhaa nikaishia kukuuliza habari za hali ya hewa, kwa hiyo leo nimeshika kalamu.

Chumba cha mbele unakijua. Macho ya Mama yalipoanza kugoma kutunga uzi, aliuza cherehani, akaingiza kitanda, akaanza kuwapangisha watu wa siku mbili tatu kupitia ule mtandao wa vyumba. Na unajua alivyokuwa na mambo ya kodi ya serikali. Wenzake wakijificha, yeye anavaa lile gauni lake la kwendea harusi za watu, anabeba risiti za sabuni, balbu na mashuka kwenye bahasha, anakwenda kutangaza mapato yake mwenyewe. Alisema mtu asiyedaiwa hulala chali.

Usichokijua ni hiki. Alipofariki nilitaka kila kitu kiingie kwa jina langu, Baba akakataa katakata. Nyumba ni yake, chumba ni chake, jina la mama yenu lisiguswe. Nikaona ya nini kugombana na mfiwa. Pesa za wageni zikawa zinaingia kwenye simu yangu, na kila mwaka nikawa najaza ritani, ile fomu ya mapato, kwa namba ya Mama ya mlipakodi na kulipa mpaka senti ya mwisho. Nilijiambia serikali inataka chake tu, haiulizi kimetoka mkono wa nani. Na kusema kweli ilinipendeza. Nikilipa najiona kama nimemsindikiza Mama na gauni lake.

Wee! Kumbe inauliza sana.

Mwaka huu mtandao umewapelekea watu wa kodi majina ya wote waliolipwa, na langu limo. Kwenye ritani yangu mimi nilikuwa nimetaja mshahara wa kazi yangu ya udobi peke yake. Nikaitwa. Nikamkuta mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Akanitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo, dada, anayepokea ni wewe, na anayelipa ni marehemu?" Foleni nzima nyuma yangu ikacheka. Nami nikacheka, nifanyeje, huku jasho linanitiririka mgongoni.

Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza pole pole kwamba mapato hutangazwa na yule anayeyapokea, kwa hiyo niijaze upya miaka yote kwa namba yangu. Nilicholipa kwa namba ya Mama wangekihamishia kwangu, ibaki faini ya kuchelewa tu. Lakini hakihamishiki mpaka namba ya Mama ifungwe, na wa kuifunga ni mumewe, kwa saini yake, mbele yao, na cheti cha kifo mkononi. Mwisho wa mwezi ukipita bila hivyo, chumba kinaondolewa mtandaoni. Na chumba hicho ndicho kinachomlipa muuguzi na kununua dawa za Baba. Unachotuma wewe kinasaidia sana lakini hakifiki mwisho wa mwezi, na sisemi hivi kwa kukulaumu.

Baba hakutaka hata kusikia. Nilimbembeleza. Nikamleta shangazi amseme, shangazi akaishia kulia naye, wakalia wote wawili mpaka chai ikapoa. Baba akasema ameshamzika mkewe mara moja, hatamzika tena kwenye kaunta.

Basi asubuhi moja mgeni wetu, fundi wa lifti, yuko mezani anapaka mkate siagi. Baba anamweleza kwa furaha kwamba chumba alicholala ni cha mke wake, mlipakodi hodari, na mwaka huu pia atalipa kama kawaida. Uvumilivu ukanishinda. Nikapaza sauti, "Baba, Mama amekufa! Wafu hawalipi kodi!"

Fundi wa lifti aliweka kisu chini taratibu, akakumbuka kwamba anachelewa kazini. Baba alishika mkongojo wake akaingia chumbani, na tangu hapo hapokei simu ya mtu, awe wewe, awe shangazi. Najuta, Kifungo. Laiti ningeumeza ulimi. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja hata nioshe vyombo. Nilisimama kwenye mlango wake nikaomba msamaha kwa ule mlango, maana yeye hakuufungua.

Alhamisi alitoka mwenyewe, kashika shati jeupe. Akasema nimpigie pasi. Sikumuuliza la kwenda wapi. Tukaondoka, mimi na cheti kwenye mkoba, yeye na mkongojo wake. Yule mama wa miwani alipomwona akainuka, akampa kiti chake upande wa ndani wa kaunta.

Baba aliuliza jambo moja tu. "Mkiifunga, itaonekana kwamba alilipa?" Yule mama akamgeuzia kompyuta, akampitisha mwaka mmoja mmoja. Unamjua Baba, mtu aliyesoma mita za maji maisha yake yote hadanganyiki na tarakimu. Alizisoma zote kwa kidole. Kisha akaomba kalamu, akatia saini.

Chini ya saini palikuwa na mahali pa kuonyesha hali ya ndoa ya mwombaji. Ameoa, hajaoa, mgane. Baba alikaa na ile kalamu hewani, nami nikajifanya natazama feni. Akaweka alama kwenye ameoa. Yule mama aliisoma, akamtazama mzee, akagonga muhuri.

Nilirudi nyumbani nikidhani yamekwisha, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Mtandao haukubali kubadilisha jina. Ilibidi niifunge akaunti ya Mama na kufungua yangu, nami kwa haraka ya kumaliza nikaifunga palepale, hata viatu sijavua. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ndugu yangu, yale maneno yote ambayo wageni walikuwa wakimwandikia Mama, miaka yote ile, yamekwenda na akaunti. Nimewaandikia wenye mtandao nikiwasihi. Wamejibu kwa adabu sana kwamba hayarudi.

Jana jioni Baba alitoka chumbani, akaketi dirishani, akaniita lile jina langu la utotoni. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikajua amenisamehe. Akasema, "Basi nisomee yale ya wageni, wanavyomsifu mama yako. Sasa ndiyo yaliyobaki." Nikamwambia mtandao unasumbua. Leo ameuliza tena, nami nimemdanganya tena.

Kwa hiyo naomba unisaidie. Wewe ulikuwa ukiyasoma yote huko uliko, ukinipigia simu kunitania kwamba Mama ana mashabiki na mimi sina. Mimi nimeyakumbuka mawili. Yule aliyesema hajawahi kulalia shuka lililonyooka vile hata hospitalini. Na yule wa usaili wa kazi, ambaye Mama alimwomba amtungie uzi kwa kuwa haoni, kisha akamshonea upindo wa suruali akiwa ameivaa. Mengine yamenitoka kabisa, na kichwa ndicho hiki hiki unachokijua. Yaandike yote unayoyakumbuka. Ukikosea maneno si neno, ukisahau mwisho malizia mwenyewe, kwani Mama unamjua. Ila fanya upesi, maana mtandao hauwezi kusumbua milele.

Shangazi anakusalimu, anasema ukonde usikonde utume picha. Muuguzi anamsalimu wifi na kumshukuru kwa soksi. Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na yule kibogoyo mara mbili. Salamu za Baba sinazo, kwa kuwa hajui ninakuandikia nini. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki isiyo na masumbuko, na siku moja atukutanishe mezani sote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyojua kusema,

Mkubwa wako