Makayabu kwenye Mbabula

Jumatatu, 2 Juni
Nimebadilisha maji ya makayabu mara tatu tangu jana. Bado yana chumvi. Basi. Baridi hii ya Juni ya Rosettenville, huku kusini, inataka samaki wa chumvi, sombe ya majani ya muhogo yenye karanga, na bukari moto, ugali wa kwetu. Chai na mkate havisaidii kitu. Leo nimeshona sketi sita za shule, vidole vimekufa ganzi. Jioni tulikula mimi na Grâce, miguu ndani ya blanketi moja. Binti yangu alilamba mawese hadi kiganjani. Raha tupu.

Jumanne, 3 Juni
Karatasi imebandikwa ukutani jikoni, kwa Kiingereza. Marufuku kupika jikoni vyakula vyenye harufu kali. Jina langu halimo, wala halihitajiki. Vyumba vitano, jiko moja, mpika makayabu mmoja. Saini nne. Ya kwanza ni ya Mama Neema, msusi, Mtanzania wa chumba cha mbele. Pasaka alikula sombe yangu akaomba nyongeza! Hiyo imeniuma kuliko karatasi yenyewe.

Jumatano, 4 Juni
Bwana Moyo, msimamizi wa nyumba, amegonga. Nikipika tena samaki huyo jikoni, mwisho wa mwezi nitafute chumba kingine. Nikamuuliza kama kabichi yake ya kuchemsha inanukia marashi. Akaondoka zake.
Nina hasira. Nina hofu pia, naiandika hapa tu. Mwaka wa shule umefika katikati, mtoto nitampeleka wapi? Grâce, kwa Kiingereza chake, akaniambia nipike tambi kama watu wengine. Nikapika. Saa mbili nilikuwa na njaa tena.

Alhamisi, 5 Juni
Dada yangu ametuma sauti kutoka Lubumbashi: “Wewe upike tu. Batachoka benyewe.” Ni rahisi kusema ukiwa Lubumbashi.
Lakini amenifikirisha. Kwetu mama alipikia ndani lini? Nimeisoma karatasi upya, neno kwa neno. Jikoni. Ua hawakuutaja.

Ijumaa, 6 Juni
Nilikwenda kwa mzee anayeuza vyuma chakavu karibu na robot, taa za barabarani. Nikaeleza kwa Kiingereza changu kibovu: jiko, la mkaa, la bati. Akanionyesha birika. Akanionyesha ndoo. Nikachoka, nikanung'unika kikwetu, “Mbabula, mzee, mbabula!” Akaruka. “Imbawula! Kwa nini hukusema?” Miaka kumi na miwili naishi hapa nikidhani neno hilo ni letu peke yetu. Nimerudi na debe la rangi lililotobolewa matundu, nikitembea kama bibi harusi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeweka mbabula katikati ya ua, kila mtu apite hapo. Sweta mbili, kofia, kitenge juu. Mkaa hauingii ndani, sitaki kufa kwa moshi. Makayabu yakakaangika, sombe ikachemka saa mbili nzima. Bwana Moyo alitoka, akaingia kusoma karatasi, akatoka tena. Majani yalikuwa na barafu asubuhi, mgongo unaniuma, na sijutii hata kidogo.
Grâce alikula chumbani. Anaona aibu. Aone tu.

Jumatatu, 9 Juni
Transfoma imelipuka. Mtaa mzima hauna umeme.
Saa kumi na moja jioni Mama Neema akasimama mbele yangu na sufuria ya maji. “Mama Grâce dada yangu, naomba moto kidogo, mtoto hajaoga.” Nikamwambia samaki wangu aive kwanza. Akasubiri, anatetemeka. Samaki alikuwa ameshaiva. Nakiri.
Baadaye wakaja wote. Bwana Moyo na kabichi yake. Nikawaivishia, kisha nikawagawia bukari na makayabu, mmoja mmoja, mkononi. Si kwa wema. Nilitaka na nguo zao zinuke. Bwana Moyo akauliza kama yamebaki. Nikamwambia hayajabaki, nikafunika sufuria.

Jumatano, 11 Juni
Bado giza. Jioni ya tatu kuzunguka moto. Mama Neema akasema, bila kuniangalia, kwamba alisaini kwa sababu wateja wake walilalamikia nywele kunuka. Nikamwambia angenigongea mlango. Akachochea moto. Nikaongeza mkaa. Nimemkasirikia bado, ila kidogo.

Ijumaa, 13 Juni
Umeme umerudi mchana. Karatasi haipo ukutani. Hakuna aliyeomba msamaha.
Nimepika makayabu jikoni. Mama Neema aliingia na viazi vyake. Upepo ulikuwa mkali. Akafunga dirisha nililoacha wazi kwa ajili ya harufu, akavuta kiti, akaanza kumenya.