Mteja Anayegonganisha Kuni

Baba watoto,

Nakutangazia rasmi, kwa heshima zote, kwamba leo mzigo mmoja wa kuni umefunguliwa na kufungwa mara nne. Mwenye mkahawa, anayenunua nusu ya kuni zangu, alizigonganisha mbili mbili sikioni kama fundi redio.

“Mama, hizi zimelowa. Jana jikoni nimelia kuliko mfiwa.”

“Lia tu shemeji, usafishe macho.”

Hakucheka. Alisema anahamia kwenye gesi. Nikamwita mtu mzima asiye na adabu, nikaapa kuni zangu ni kavu, naye akaondoka mikono mitupu.

Watoto hawajambo. Uliahidi kuja kuezeka banda la kuni kabla ya mvua. Mvua ina wiki ya tatu, na kuni zimelowa kweli.

Mkeo